Sevisi ya kilomita 40,000: yapi ni ya kitabu na yapi ni ya wakala?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Chumbageni, Tanga. Miaka miwili na miezi minane iliyopita alinunua gari jipya la Kijapani kwa wakala wa Dar es Salaam, lenye injini ya petroli ya lita 1.5 na gia boksi ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua. Leo lina kilomita 38,600. Wakala amempigia simu kumweleza kwamba sevisi ya kilomita 40,000 ni "sevisi kubwa", kwamba gharama yake ni shilingi 1,480,000, na kwamba asipoifanya kwake, waranti ya miaka 3 au kilomita 100,000 itakufa. Fundi wake wa Ngamiani anamwambia hayo yote ni biashara, na kwamba gari linahitaji oili na filta tu, kazi ya shilingi 180,000. Anauliza: "Nimwamini nani? Na je, sevisi hizi wanazozipanga ni za lazima kweli?"

Mwalimu, orodha ya kazi za wakala uliyoituma nimeisoma mara mbili. Jibu langu ni kwamba kila mmoja wao ana sehemu ya haki, na kila mmoja amekosea mahali ambapo kosa lake litakugharimu. Wakala amekuwekea mambo kadhaa ambayo mtengenezaji wa gari hakuyaagiza. Fundi naye, katika kuyakataa yote kwa pamoja, amekuondolea jambo moja ambalo kwa mtu anayepanda Lushoto kila likizo, kama ulivyoeleza, si la kuachwa hata kidogo. Kwa hiyo mwamuzi asiwe wakala wala fundi, awe kitabu.

Ndani ya kisanduku cha dashibodi ulikabidhiwa kitabu cha matengenezo pamoja na funguo. Kitabu hicho kimeandikwa na wahandisi waliolisanifu gari, na kampuni yao ndiyo inayolipa kitu kikiharibika ndani ya muda wa waranti, hivyo hawana sababu ya kukuficha kazi inayotakiwa. Wala hawapati chochote kwa kila chupa ya dawa ya kusafishia injini itakayomwagwa gerejini. Karatasi aliyokutumia wakala ni kitu kingine. Ina nembo ya kampuni hiyo hiyo, na ndiyo maana watu wengi huidhania kuwa ni kitabu, lakini imetungwa hapa hapa nchini na watu wanaouza kazi za gereji. Chukua vyote viwili, uvilaze mezani, na usome mstari kwa mstari. Kilichomo katika karatasi na kisichomo katika kitabu, wakala anapaswa kukieleza sababu yake kwa gari lako, si kwa magari kwa jumla.

Kuna tahadhari moja katika kukisoma kitabu, nayo ndiyo ambayo wamiliki wengi wa huku kwetu huikosa. Vitabu vingi vya Kijapani vina safu mbili, ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu, na mtu akijitazama humwona dereva wa kawaida, asiyeshindana na mtu wala kubeba mizigo. Lakini matumizi magumu kwa lugha ya wahandisi hayana uhusiano na mwendo wa fujo. Ni barabara za vumbi au mbovu, ni milima ya kupanda na kushuka mara kwa mara, ni kusimama kwa muda mrefu injini ikiunguruma, na ni safari fupi zinazorudiwa. Wajapani huzihesabu zile zisizozidi kilomita 8 kwa safari. Wewe umeeleza kwamba siku za kazi unatoka Chumbageni kwenda shuleni na kurudi, kilomita nne kwenda na nne kurudi. Mwisho wa wiki unakwenda shambani kwa njia ya Muheza hadi Amani, na likizo mnapanda Lushoto kwa wakwe. Mwalimu, gari lako ni la safu ya matumizi magumu, na hapo wakala yuko karibu na ukweli kuliko fundi wako.

Nianze na mafuta ya breki, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nijibu barua yako kwa haraka. Mafuta haya kwa asili yake hunyonya maji. Unyevu wa hewa huingia polepole kupitia kwenye mipira na kwenye kifuniko cha kopo lake, gari likitembea au lisitembee, na pwani yetu haina mwezi wa hewa kavu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Ndani ya mji tofauti hiyo hutaihisi, kwa sababu breki za kwenda sokoni na kurudi hazipati moto wa namna hiyo. Lakini kutoka Lushoto, mji ulio kwenye urefu wa mita zipatazo 1,400, hadi Mombo bondeni, dereva anayeteremka huku mguu uko juu ya breki wakati wote hupasha pedi na diski moto mkali sana, na moto huo huhamia kwenye mafuta. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei. Pedali huzama hadi sakafuni na gari haliitiki. Baadaye breki zikipoa, kila kitu hurudi kama kawaida, na fundi akikagua hakuti kasoro. Nimewapokea madereva waliofika Mombo wakitetemeka, wakiniapia kwamba breki "zilikufa na kufufuka", na walikuwa wakisema kweli.

Vitabu vingi vya Kijapani huagiza mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka 2, bila kujali kilomita. Gari lako lina miaka miwili na miezi minane, kwa hiyo hapa hukusukumwa na mtu, umechelewa. Kazi yenyewe si ya gharama. Ni chupa moja au mbili za mafuta na saa moja ya watu wawili, mmoja akipampu pedali na mwingine akifungua nati za kutolea hewa, gurudumu baada ya gurudumu, hadi mafuta masafi yatoke. Angalia kifuniko cha kopo uone daraja lililoandikwa, DOT 3 au DOT 4, na usikubali kuongezewa tu juu ya yale ya zamani, kwani kuongeza hakutoi maji yaliyokwisha kuingia. Na mnapoteremka kutoka Lushoto kwa njia ya Soni, tia gia ndogo ili injini yenyewe ishike gari. Hata CVT ina nafasi ya namna hiyo kwenye kishikio, iwe imeandikwa L, S au B.

Oili ya injini haina ubishi kati ya wakala na fundi, ila nina neno kuhusu muda na kuhusu aina. Kitabu cha gari la petroli lisilo na turbo, likitumika Japani kwa kawaida, mara nyingi kitakwambia kilomita 15,000 au mwaka 1, na kwa matumizi magumu kitakata nusu: kilomita 7,500 au miezi 6. Wakala wako amekuwa akikuita kila kilomita 10,000. Fundi wako anasema kila 5,000, desturi iliyobaki tangu enzi za oili za kawaida zisizo sanisi (sintetiki). Mimi kwa safari zako ningefuata 7,500 au miezi 6, lolote litakalotangulia, na kwako miezi ndiyo itakayotangulia mara nyingi. Katika safari ya kilomita nne injini haipati muda wa kupata moto wa kutosha kuufukuza unyevu na petroli iliyovuja ndani ya oili, hivyo oili huchakaa hata kama odomita imesogea kidogo tu.

Aina ya oili ina uzito kuliko nembo iliyoko kwenye galoni. Kama kitabu kinasema 0W-20 au 5W-30, namba zinazoonyesha wepesi au uzito wa oili, usimruhusu mtu akutilie 20W-50 kwa hoja kwamba huku ni joto. Injini za siku hizi zina njia nyembamba za oili zinazoendesha mtambo wa kubadili muda wa vali, na oili nzito huchelewa kufika huko kila unapowasha gari asubuhi. Nunua galoni lililofungwa, dukani kwa mtu unayemfahamu, ulione likifunguliwa mbele yako. Tena ujue kipimo: injini nyingi za ukubwa huo huchukua kati ya lita 3 na 4 pamoja na filta. Bili yako ya sevisi iliyopita, uliyonitumia picha yake, inaonyesha lita 5. Uliza lita iliyobaki ilikwenda wapi, na kama iliingia injini yote basi ni kosa jingine, maana oili ikizidi kiwango hupigwa na mhimili wa injini hadi ikatoa povu.

Filta ya hewa usiibadili kwa kalenda. Itoe mwenyewe, ni klipu mbili au tatu tu, uitazame kwenye mwanga. Kwa njia ya vumbi ya Amani huenda ikahitaji kubadilishwa kabla ya kilomita zilizotajwa, na hapo ndipo wakala anapokuwa amekuagizia kidogo kuliko inavyostahili. Filta ya kiyoyozi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi na kanuni yake ni hiyo hiyo.

Plagi: hapana. Kitabu cha gari lako karibu hakika kinataja plagi za iridiamu, ambazo hukaa hadi kilomita 100,000. Zinazobadilishwa mapema ni zile za kawaida za nikeli. Mwombe wakala akuandikie ni aina gani iliyomo sasa, na kama ni iridiamu, hana hoja kwa kilomita 40,000.

Gia boksi ndilo jambo gumu, na hapa nakuomba uvumilivu, kwa sababu hata watengenezaji wenyewe hawakubaliani. Wengine huandika kwamba mafuta ya CVT, ambayo mafundi wetu huyaita haidroliki kama ya gia boksi nyingine zote, hayana muda wa kubadilishwa katika matumizi ya kawaida, na wengine hutaja kilomita kabisa. Nilisema mtengenezaji hana sababu ya kukuficha kazi, lakini anayo sababu ya kupenda gari lake lionekane halina gharama, na neno "mafuta ya maisha" huwa limepimwa kwa maisha ya mmiliki wa kwanza, si kwa miaka 20 ambayo gari hukaa mikononi mwetu. Kwa hiyo tazama safu ya matumizi magumu. Ikitaja 40,000, badili sasa. Ikiwa haitaji chochote, shauri langu ni kubadili kati ya kilomita 60,000 na 80,000, na uendelee hivyo. Mimi ningefanya hivyo kwa gari langu, na gia boksi mpya ya CVT ni gharama ambayo mshahara wa mwalimu hauibebi kwa urahisi.

Lakini namna ya kubadili ina maana kuliko tarehe. Wakala ameandika "kusafisha gia boksi kwa mashine". Kwa gari la umri huo inatosha kumwaga kwa nati ya chini na kujaza kipimo kile kile kilichotoka, kwa mafuta yenye jina lililoandikwa kitabuni. Fundi naye asikwambie kwamba haidroliki ni haidroliki. Ndani ya CVT kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na mshiko wake unategemea mafuta yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa. Ukiweka mafuta ya gia boksi ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza, chuma hulika, na hakuna kurudi nyuma.

Yaliyobaki katika karatasi ya wakala ni rahisi. Dawa ya kusafisha injini ndani kabla ya kumwaga oili haimo kitabuni, na gari lililobadilishwa oili kwa wakati kwa miaka miwili na nusu halina tope la kusafishwa. Kusafisha nozeli za petroli kuwe ni tiba ya dalili, kama vile gari kukosa nguvu au kutikisika likiwa limesimama, na wewe hukutaja hata moja. Gesi ya kiyoyozi iko katika mfumo uliofungwa, haitumiki kama petroli. Kama ubaridi umepungua kuna mahali panapovuja, na panatafutwa kwanza. Kupanga magurudumu hufanywa tairi zikilika upande mmoja, gari likivuta kushoto au kulia, au baada ya kuingia shimo kubwa. Maji ya rejeta ya aina ya muda mrefu katika magari mengi ya Kijapani hayafikiwi kubadilishwa kabla ya miaka kadhaa mingine, bali kiwango chake kikaguliwe, na yasiongezwe maji ya bomba.

Sasa waranti, ambayo ndiyo fimbo uliyotishiwa. Marekani ina sheria ya mwaka 1975 inayomkataza mtengenezaji kuifungia waranti kwa sharti la kutumia gereji au vipuri vyake, isipokuwa anavitoa bure. Sheria hiyo ni ya kwao. Huku kwetu, la kwanza ni mkataba uliosaini, na wengi hawajawahi kuusoma. Tafuta maneno yanayohusu sevisi. Ikiwa mkataba unasema gari lifanyiwe matengenezo "kwa mujibu wa kitabu", basi sharti ni kitabu, na kukataa kusafishwa nozeli hakuwezi kuiua waranti. Ikiwa unasema lifanyiwe kwa wakala tu, sharti hilo lichukulie kwa uzito, lakini hata hapo linahusu kazi za kitabu, si kila kitu kitakachoongezwa kwenye karatasi. Mwombe aliyekupigia simu akutumie kwa maandishi kifungu anachokitegemea. Akikataa kukitaja na akaendelea kukutisha, Tume ya Ushindani, FCC, ina jukumu la kumlinda mlaji chini ya sheria ya mwaka 2003, na malalamiko yenye nakala za maandishi husikilizwa kuliko ya mdomo.

Pamoja na hayo yote, ushauri wangu ni kwamba safari hii moja uende kwa wakala. Najua ni kilomita zipatazo 350 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, petroli ya lita 45 hadi 50 kwa gari lako, na siku nzima ya kazi. Lakini waranti yako imebakiza miezi minne kwa hesabu ya miaka, hata kama kilomita 100,000 ziko mbali. Hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kumfanya mtengenezaji alipe. Wiki mbili kabla ya kwenda, endesha gari bila redio na uandike kila kitu: mlio wa bushi ukivuka matuta, usukani ukitikisika katika mwendo wa kasi, unyevu wa mafuta chini ya injini asubuhi, kutu iliyoanza kwenye viungo vya chini kwa chumvi ya bahari. Mkabidhi orodha hiyo kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri na yenye tarehe. Kasoro iliyopokewa kwa maandishi ndani ya muda una haki ya kuidai hata kama itatengenezwa baadaye.

Waulize pia kama namba ya chasisi ya gari lako ina mwito wowote wa usalama kutoka kiwandani (recall), yaani tangazo la kurudisha gari lirekebishwe kasoro. Kazi ya namna hiyo ni ya bure na ni ya lazima kweli. Wasomaji wengine wenye magari ya zamani kutoka Japani nawaomba wasiupite mstari huu: mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata, iliyofungwa katika mamilioni ya magari ya kampuni nyingi, iliitwa kubadilishwa kwa sababu kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi ndiyo hali ya hewa ya Tanga.

Baada ya waranti kwisha, mrudie fundi wako wa Ngamiani bila wasiwasi, ila umkabidhi kitabu na si maneno tu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali hiyo hasa. Nunua daftari dogo, kila kazi uandike tarehe, kilomita, jina la oili na namba ya filta, risiti uzibane humo humo. Siku utakapoliuza, mnunuzi ataliangalia daftari kabla ya kuangalia rangi.

Kwa simu yako na wakala, sema hivi: "Nataka sevisi ya kilomita 40,000 kama ilivyo kitabuni katika safu ya matumizi magumu, pamoja na mafuta ya breki. Nyongeza yoyote nipigieni kwanza, na mniandikie sababu." Omba bei mpya kwa maandishi kabla hujaondoka Tanga. Na kama ratiba ya shule haitakuruhusu kufika Dar es Salaam kabla ya likizo ya Desemba, basi mafuta ya breki yabadilishwe hapa hapa kwa fundi wako, ukisimama pembeni uone yaliyotoka yana rangi gani, risiti uitie daftarini, ndipo mpande Lushoto.